Dalali Asiye na Ng'ombe

Swali hili huulizwa katika vyumba vya ushauri nasaha kuanzia Endulen hadi Dar es Salaam, na aghalabu huulizwa kwa sauti ya mtu aliyeonewa: "Kama siumwi, huo ugonjwa wenyewe uko wapi?"

Tuchukue mfano wa kijana wa Endulen, kata ya wafugaji iliyo ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro. Ana miaka 27. Ameteremka Karatu kumchangia damu shangazi yake anayesubiri upasuaji. Anajiona mzima wa afya: juzi tu ametembea na ng'ombe kutwa nzima, macho meupe, chakula kinapita. Damu yake inapimwa kama inavyopimwa damu yote ya kuchangia nchini, yaani Ukimwi, kaswende, homa ya ini B na homa ya ini C. Kisha muuguzi anamwita pembeni.

"Mdogo wangu, damu yako hatutaweza kumpa mgonjwa. Una virusi vya homa ya ini, aina ya B. Huenda unavyo tangu utotoni."

"Homa, dada? Mbona mimi sina homa?"

Ana haki ya kushangaa. Watu wa Endulen wanaijua homa. Kuna malaria ya bondeni, na kuna brusela, maradhi yanayomfikia mtu kutoka kwa mifugo iliyotupa mimba au kwa maziwa yasiyochemshwa. Watafiti waliowapima wagonjwa wa homa katika Hospitali ya Endulen waliwakuta baadhi yao nayo. Homa hizo hutetemesha na humlaza mtu kitandani. Hii anayoambiwa kijana haina hata joto la paji la uso. Jina "homa ya ini" linawafaa wale wachache wanaougua ghafla, macho yakawa manjano na mkojo ukawa kama chai ya rangi. Kwa walio wengi waliovipata virusi wakiwa wadogo, jina hilo linapotosha zaidi ya linavyosaidia.

Ili kumjibu kijana sawasawa inabidi kuingia ndani ya seli moja ya ini lake, mahali padogo kuliko punje ya vumbi, na kumtafuta mhusika ambaye jina lake ni herufi moja tu: X.

Ini halilalamiki

Mfugaji analifahamu ini kwa macho kuliko wasomi wengi. Mbuzi akichinjwa, ini hutazamwa mapema: rangi yake ni ya damu nzito, ni laini, linateleza. Likiwa na makovu, vijishimo au minyoo bapa ndani ya mirija, mwenye jicho huona papo hapo. Kiswahili nacho kimelipa ini heshima yake, ndiyo maana aliyeumizwa sana na maneno husema amekatwa maini. Ajabu ni kwamba ini likikatwa kweli, kwa ndani halisikii. Neva za maumivu ziko kwenye utando mwembamba unaolifunika. Ndani ya nyama yenyewe hakuna. Ugonjwa unaokaa humo unaweza kukaa miaka 20 au 30 bila mwenyewe kuhisi chochote.

Virusi hivi vinaingia kwenye ini na si kwingineko kwa sababu ya mlango. Juu ya seli za ini kuna protini iitwayo NTCP, ambayo kazi yake ya kila siku ni kurudisha ndani chumvi za nyongo. Mwaka 2012 kundi la mtafiti Wenhui Li huko Beijing lilionyesha kwamba virusi vya homa ya ini B hupita mlango huo huo wa nyongo. Seli za moyo hazina mlango huo, wala za ngozi.

Vikishaingia haviui seli. Seli iliyokaliwa huendelea kutengeneza nyongo, kuhifadhi sukari na kuchuja sumu kama kawaida. Uharibifu hufanywa na askari wa kinga ya mwili wanapokuja kuwasaka wavamizi. Wakija kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, huacha makovu. Makovu yakizidi, ini hukakamaa. Hali hiyo huitwa sirosisi. Na katika baadhi ya watu, seli moja hupoteza breki zake ikaanza kugawanyika ovyo, ndiyo saratani.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na virusi hivi, na kwamba watu milioni 1.1 walikufa kutokana navyo mwaka huo huo. Wengi kati ya waliokufa yaelekea waliwahi kusema, kama kijana wetu, kwamba hawaumwi.

Herufi 3,200

DNA ni uzi mrefu ulioandikwa maelekezo ya mwili kwa herufi nne za kikemia. Kipande cha uzi chenye maelekezo ya kitu kimoja huitwa jeni. Jeni nyingi huelekeza namna ya kutunga protini, na protini ndizo zinazofanya kazi: kubeba, kukata, kujenga, kufunga milango. Msomaji akitaka kuiona protini kwa macho ya fikra, aufikirie ushanga wa Kimasai. Shanga hutungwa moja baada ya nyingine kwa mpangilio maalumu, na mpangilio ukibadilika, pambo linakuwa jingine.

Maandishi ya mwanadamu yana herufi zaidi ya bilioni 3. Ya virusi vya homa ya ini B yana herufi 3,200 hivi. Maandishi yetu yangekuwa barabara ya kilomita 1,000, ya virusi yangekuwa hatua moja ya mtu mzima. Ndani ya hatua hiyo zimebanwa jeni nne, nyingine zimepandiana, kiasi kwamba herufi zile zile husomwa kwa namna mbili tofauti zikatoa protini mbili tofauti:

- S, inayotengeneza koti la nje. Hili koti ndilo linalonaswa na kipimo cha damu.
- C, inayotengeneza ganda la ndani.
- P, inayotengeneza kimeng'enya, yaani protini fundi, cha kunakili maandishi ya virusi.
- X.

Mnamo 1979, watafiti wa Paris waliposoma herufi zote za virusi hivi kwa mara ya kwanza, jeni tatu zilieleweka mapema. Ya nne, fupi kuliko zote, haikufanana na kitu chochote kilichojulikana. Ikaitwa X, kama mwanafunzi anavyoita namba asiyoijua kwenye hesabu. Protini yake ina shanga 154 tu na hutengenezwa kwa kiasi kidogo mno hata kuinasa maabara ni kazi. Kitu kidogo hivyo, ndani ya virusi vidogo hivyo, kingeweza kupuuzwa. Lakini kila virusi vilivyoondolewa X viliporuhusiwa kuingia kwenye seli za ini maabara, jambo lile lile lilitokea: viliingia, vilifika hadi kwenye kiini cha seli, vikajipanga vizuri, halafu vikanyamaza.

Sanduku la kanga

Hapa inafaa kueleza neno moja ambalo sura hii yote inalitegemea: utendaji wa jeni.

Seli ya ini na seli ya jicho zina DNA ile ile, herufi kwa herufi. Tofauti yao ni jeni zipi zinasomwa. Mama mwenye sanduku la kanga ana kanga zote ndani, za harusi, za msiba, za kushindia jikoni. Akienda msibani hafungui zote. Anatoa moja, nyingine zinabaki zimekunjwa chini. Anayemwona barabarani hawezi kujua sanduku lina nini. Seli nayo ina jeni kama 20,000 za kutunga protini, lakini kwa wakati wowote huzifungua baadhi tu, na zilizobaki huzikunja na kuzifungasha. DNA iliyokunjwa sana haisomeki, kama vile maandishi ya kanga yasivyosomeka ikiwa kanga iko chini ya sanduku.

Kwa hiyo kuna watu wa kukunja na watu wa kukunjua. Kuna protini zinazokaa mwanzoni mwa jeni na kuita wasomaji: "Hii isomwe." Kuna alama ndogo za kikemia zinazobandikwa juu ya DNA kuonya: "Hii ifungwe." Mtu akizeeka, akila, akikosa usingizi, akipata homa, kukunjwa na kukunjuliwa huko hubadilika kidogo. Herufi zenyewe hazibadiliki.

Virusi vinapofika kwenye kiini cha seli vinajitengenezea kiduara cha DNA kilichofungwa pande zote, ambacho hukaa pembeni ya kromosomu zetu bila kuchanganyika nazo. Ni kanga ngeni iliyotumbukizwa kwenye sanduku la wenyewe. Na seli si mjinga, inaitambua.

Kamba na hereni

Kwa muda mrefu watafiti walisumbuliwa na fumbo moja. X iliongeza usomaji wa jeni iliyowekwa kwenye kiduara cha DNA kilicho nje ya kromosomu. Jeni ile ile ikihamishiwa ndani ya kromosomu, X haikuwa na athari. Kama X ingekuwa tu inapandisha sauti ya kila kitu, kwa nini ibague mahali?

Jibu lilikuja mwaka 2016 kutoka kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva na wenzao. Seli ina kundi la protini linaloitwa Smc5/6, lenye umbo la pete, ambalo huzungushwa kwenye DNA kama kamba kwenye shingo ya ndama. Kiduara kigeni kikionekana, Smc5/6 hukifunga na hakisomeki tena. Ndiyo ile hali ya virusi kunyamaza. X huiondoa kamba hiyo.

Jinsi inavyoiondoa ndipo penye utamu wa kisa. X haina kisu. Haina meno ya kukatia protini wala mkono wa kushika DNA. Inachofanya kinafahamika kwa yeyote aliyewahi kusimama kwenye mnada wa ng'ombe. Pale mnadani yupo mtu mwenye fimbo na simu, hana ng'ombe hata mmoja, wala mfukoni hana hela ya kununua. Ni dalali. Anamshika muuzaji mkono huu, mnunuzi mkono ule, anasema maneno mawili matatu, na ng'ombe aliyekuwa anakwenda nyumbani anapanda lori.

Seli ina utaratibu wake wa kuondoa protini zilizochakaa. Protini inayopaswa kuondoka huvishwa alama iitwayo yubikwitini, mfano wa hereni ya plastiki anayovishwa ng'ombe sikioni, isipokuwa hereni hii humaanisha jambo moja tu: machinjioni. Wavishaji wa hereni hufanya kazi kwa kikundi, na mmoja wao anaitwa DDB1. Kazi ya DDB1 siku zote ni kuwaonyesha wenzake nani avishwe. X humshika DDB1 mkono mmoja, na mkono wa pili humshika Smc5/6. Wavishaji wanafika, wanavisha, Smc5/6 inapelekwa kusagwa. Kamba imeondoka. Kiduara kinasomwa, virusi vipya vinatungwa, na seli haina habari kwamba hereni iliyotumika ni yake, wavishaji ni wake na machinjio ni yake. Wahenga walishaonya kwamba kikulacho ki nguoni mwako, ila hata wao sidhani waliwaza nguo ya ndani kiasi hiki.

*Kwa ufupi: seli huvifunga virusi kwa kamba iitwayo Smc5/6. Protini X haikati kamba. Huwaleta waharibifu wa seli yenyewe wakaiharibu. Bila X, virusi vipo lakini havisomeki.*

Majirani nao waguswa

Kama dalali angeishia kwenye ng'ombe mmoja, pengine homa ya ini B ingekuwa kero ndogo. Lakini Smc5/6 haikuumbwa kwa ajili ya virusi. Seli huitumia pia kukarabati DNA iliyokatika na kuzipanga kromosomu vizuri wakati seli inagawanyika kuwa mbili. DDB1 naye ana shughuli zake, na mojawapo ni kusaidia kugundua DNA iliyoharibika. Kila siku X inapowachukua hawa wawili kwenye kazi zao, karakana ya seli inabaki na mafundi pungufu.

Halafu kuna jeni za mwenye seli. X hushikana na baadhi ya zile protini zinazoita wasomaji na kuzifanya zikae kazini muda mrefu kuliko kawaida. Mojawapo ni CREB, ambayo kwa kawaida huwashwa na njaa au homoni, ikafungua jeni kadhaa, kisha ikazimwa; X huchelewesha kuzimwa huko. Upande wa pili, katika seli zenye X zimeonekana zile alama za "hii ifungwe" zikiongezeka kwenye jeni ambazo kazi yake ni kuzuia seli isigawanyike ovyo. Kwa hiyo baadhi ya jeni za kukua zinafunguliwa, baadhi ya jeni za breki zinafungwa, na hakuna herufi hata moja iliyofutwa. Mwenye sanduku ni yule yule, kanga ni zile zile, ila anatoka nyumbani na nguo asizochagua.

Msomaji makini ameshaanza kuuliza kama yote haya yamethibitika kwa mtu au yameonekana kwenye vichupa tu. Swali zuri. Mwaka 1991 ilichapishwa taarifa ya panya waliopandikizwa jeni X wakapata saratani ya ini. Panya wa maabara nyingine, nao wakiwa na X, hawakupata. Aidha, majaribio mengi ya zamani yalimwaga X kwenye seli kwa wingi usiofanana kabisa na ule uliomo kwenye ini la mgonjwa, na ukijaza madalali 1,000 kwenye mnada mmoja, hapatakosa vurugu. Ndiyo maana ile habari ya kamba ina uzito wa pekee: ilirudiwa na wengi, kwa X ya kiasi cha kawaida, kwenye seli halisi za ini. Yaliyobaki yanaaminika kwa viwango tofauti, na mwandishi anayeyapanga yote safu moja kama ushahidi wa kufanana anamdanganya msomaji.

Uhusiano wa virusi vyenyewe na saratani, hata hivyo, hauna ubishi. Palmer Beasley na wenzake waliwafuatilia wanaume 22,707 nchini Taiwan. Kati yao 3,454 walikuwa na virusi. Taarifa yao ya mwaka 1981 ilihesabu vifo 41 vya saratani ya ini; 40 vilikuwa vya wale 3,454, na kimoja tu kilitoka kwenye umati wa 19,253 waliobaki.

Gunia la mahindi

Saratani hiyo ina mshirika mwingine, na huingia kupitia chakula. Kulima ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro ni marufuku. Unga wa ugali na wa uji unaoliwa Endulen hupanda kutoka Karatu na kwingineko kwenye malori, na gunia la mahindi linaweza kupita mikono mingi na mvua kadhaa kabla ya kufika bomani. Mahindi yakihifadhiwa yakiwa na unyevu huota kuvu, na baadhi ya kuvu hao hutoa sumukuvu. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, wengi Makueni na Kitui. Mwaka 2016 ilizuka Dodoma na Manyara, na Manyara ni jirani wa Karatu.

Hizo ni habari za dozi kubwa, zinazoua kwa wiki chache. Dozi ndogo ya kila siku hufanya jambo jingine. Ini hujaribu kuivunja sumukuvu, na katika kuivunja hutokea kitu kinachong'ang'ania kwenye DNA na kubadilisha herufi. Mara nyingi herufi inayobadilika iko ndani ya jeni ya p53, protini inayoisimamisha seli yenye DNA mbovu isigawanyike. Sumukuvu inabadilisha maandishi. X inabadilisha usomaji na kuwapunguza mafundi. Utafiti wa wanaume wa Shanghai uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha hesabu inayotisha. Aliyekuwa na sumukuvu peke yake alikuwa na hatari ya saratani ya ini mara 3 hivi ya mtu wa kawaida. Mwenye virusi peke yake, mara 7 hivi. Mwenye vyote viwili, karibu mara 60.

Kwa kijana wetu ushauri unaotokana na hapo ni wa kawaida kabisa, na haupatikani kwenye duka la dawa: mahindi yaanikwe hadi yalie yakitikiswa, yawekwe juu ya vichanja pasipo unyevu, na yale yenye rangi ya kijani au njano ya ukungu yatupwe. Kuyapika hakuimalizi sumukuvu. Pombe nayo aiache, maana ini lake lina kazi ya kutosha.

Kidonge kinafanya nini?

Dawa inayotumika sana ni tenofovir, ile ile iliyomo kwenye vidonge vya watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Si kila mwenye virusi B huanzishiwa mara moja. Daktari hutazama vipimo vya ini na wingi wa virusi kwanza. Wanaoanza huuliza swali la pili maarufu: "Nitaimaliza lini?" Jibu kwa wengi ni kwamba hawataimaliza, na sababu yake sasa inaweza kueleweka.

Tenofovir humziba mdomo yule fundi wa jeni P, anayenakili maandishi. Bila nakala hakuna virusi vipya vya kutoka kwenda kuvamia seli nyingine, damu inasafika, ini linapumzika, na hatari ya makovu na ya saratani hushuka. Lakini kile kiduara ndani ya kiini cha seli hakiguswi. Bado kinasomwa. Bado X inatungwa. Mtu akiacha dawa ghafla kwa kuona amepona, virusi vinaweza kurudi kwa nguvu na kuliwasha ini vibaya.

Ndiyo maana watafiti wengi siku hizi wanamwinda dalali mwenyewe: kama mkono wake ungeachanishwa na wa DDB1, kamba ingebaki mahali pake na kiduara kingenyamaza. Mwaka 2019 kundi la Tokyo liliripoti kwamba nitazoksanidi, dawa ya zamani ya kuhara kunakosababishwa na vimelea, iliweza kuwaachanisha maabara. Maabara, tusisitize. Hakuna anayepaswa kuinunua kwa ajili ya ini lake.

Nyayo

Karibu na Endulen kuna Laetoli. Hapo, mwaka 1978, kundi la Mary Leakey lilizikuta nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.66 iliyopita juu ya majivu ya volkano yaliyoloweshwa na mvua. Waliotembea walikwisha siku nyingi, mashimo ya miguu yao yakabaki.

Virusi B navyo huacha nyayo. Mara kwa mara, wakati seli inakarabati uzi wake uliokatika, kipande cha DNA ya virusi hushonewa humo kimakosa, ndani ya kromosomu ya mtu. Kipande hicho hakiwezi tena kuzaa virusi. Ni kifupi, kimekatika huku na huku. Lakini sehemu ambayo husalia mara nyingi ni ile ya X, au nusu yake, na inaweza kuendelea kutunga X iliyopunguka. Vipande vya namna hii hukutwa katika saratani nyingi za ini zilizotokana na virusi B. Hata siku ikipatikana dawa ya kufuta viduara vyote, nyayo hizi zitabaki zimeshonwa, na kila seli ikigawanyika itawarithisha wanawe. Kwa hiyo mtu aliyekaa na virusi miaka mingi ataendelea kuitwa kila baada ya miezi sita kupigwa picha ya ini kwa mawimbi ya sauti, hata kama damu yake imesafika.

Nyayo nyingine ni za kale zaidi. Mwaka 2021 wanasayansi walitangaza kuwa wamesoma DNA ya virusi hivi kutoka kwa mabaki ya watu 137 wa kale wa Ulaya, Asia na Amerika, wa zamani zaidi akiwa ameishi miaka 10,500 hivi iliyopita. Wafugaji na wakulima wa kwanza walikuwa navyo, na wawindaji waliowatangulia pia.

*Kwa ufupi: dawa iliyopo huzuia nakala mpya, haifuti kiduara kinachotunga X. Vipande vya virusi vilivyoshonwa kwenye kromosomu hubaki hata virusi vikidhibitiwa.*

Hamira na kadi ya kliniki

Limebaki swali la dada muuguzi kusema "huenda unavyo tangu utotoni". Alijuaje?

Alikisia kwa hesabu. Mtoto mchanga akipata virusi B, uwezekano wa kubaki navyo maisha yote ni karibu asilimia 90. Mtu mzima akivipata, ni chini ya asilimia 5; kinga yake iliyokomaa huvifukuza. Basi mtu mzima mwenye virusi vya kudumu yaelekea alivipata mdogo, kutoka kwa mama wakati wa kuzaliwa au kwa watoto wenzake. Virusi hivi hudumu nje ya mwili angalau siku 7. Kiwembe kimoja kikinyoa vichwa vya watoto watano, tone lisiloonekana linatosha. Havipiti kwenye bakuli la chakula, kwenye mkono wa salamu wala kwenye kikohozi, jambo ambalo kijana alihitaji kuambiwa mara mbili kabla hajaamini kwamba anaweza kula sahani moja na ndugu zake.

Ndugu hao wanapaswa kupimwa, na mkewe pia. Asiye na virusi achanjwe dozi 3. Kijana mwenyewe alizaliwa kabla chanjo hii haijaingia kwenye kadi za kliniki za Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wanawe watachanjwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14, ndani ya sindano moja inayokinga magonjwa matano. Kwa mtoto wa mama mwenye virusi, wiki ya 6 ni kuchelewa. Shirika la Afya Duniani linashauri dozi ya kwanza itolewe ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa.

Wapo wazazi wanaohofu kwamba chanjo huleta ugonjwa wenyewe. Ndani ya chanjo hii hakuna virusi, hai wala vilivyokufa. Kuna koti tu, ile protini ya jeni S. Chanjo za kwanza za aina hii, zilizoanza mwaka 1986, zilitengenezwa kwa hamira wa jamii ile ile inayoumua maandazi: hamira alipewa jeni S, akashona makoti, makoti yakasafishwa. Jeni C hakupewa, P hakupewa, X hakupewa. Askari wa mwili hujifunza kulitambua koti mlangoni, kabla aliyelivaa hajaingia kwenye kiini cha seli na kuanza udalali.

Udhaifu wa chanjo hii ni barafu. Joto la siku chache hulivumilia. Ikiganda inaharibika, na kwenye kisanduku cha baridi kinachosafirishwa kwa pikipiki hadi vijiji vya nyanda za juu, chupa iliyogusana na barafu inaweza kuganda na kuyeyuka tena bila mtu kujua. Muuguzi akiwa na shaka huchukua chupa nyingine ya kundi hilo hilo, akaigandisha makusudi, akaiyeyusha, kisha akazitikisa zote mbili na kuziweka mezani mbele ya dirisha. Ile aliyoigandisha huanza kutulia, chembe nyeupe zikishuka chini haraka. Anainama kutazama ya pili.